Nchi Isiyosikia Mvi

Palikuwa na mwanamke mmoja mwenye kichwa cheupe kwa mvi, na kwao hakuna aliyewahi kumwuliza sababu. Jina lake Kidawa. Ujana wake aliumalizia sokoni akinadi mitumba, amesimama juu ya meza, na hata baada ya kuiacha kazi ile sauti yake ilibaki na mkwaruzo. Watu wa mtaani walisema Kidawa akishika neno, ni afadhali ukamnyang'anye simba mfupa. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Mwatumu, aliyeolewa mbali, katika nchi iitwayo Ukolezo. Walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi zilipokuja habari kwamba Zuhra, binti wa Mwatumu, anaolewa. Kidawa akafunga mizigo akaondoka. Njia ilikuwa ndefu, lakini njia haina hadithi. Hadithi iko alikofika.

Mlangoni mwa nchi alipokewa na askari msichana, nywele zake rangi ya chungwa bivu, mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unasema nini, mama?"

"Bado sijasema kitu."

"Ndivyo ninavyoona," akasema yule msichana kwa huruma, macho yake yakiwa juu ya nywele za Kidawa. "Kichwa chako kimenyamaza kabisa. Umefiwa, au unaumwa?"

Kidawa akajibu kwamba hakufiwa wala haumwi, ila ana umri. Askari akamtazama kama mtu anayetajiwa maradhi asiyoyajua, kisha akamweleza sheria. Katika nchi ya Ukolezo kila mtu ana haki ya kujieleza, na haki hiyo hutimizwa kwa nywele. Rangi hutangulia kusema, mdomo hufuata. Msimu huu Wizara ya Kujieleza ilikuwa imetangaza kwamba wananchi wana furaha, na furaha ni rangi ya chungwa. Msimu uliopita walikuwa na matumaini, wakapaka kijani.

"Na mwenye huzuni msimu huu?"

"Atasubiri msimu wa zambarau, mama. Huwa haukawii."

"Na asiyepaka?"

Huyo, askari alieleza, huitwa bubu wa kichwa. Hakatazwi kusema, akitaka, aseme mchana kutwa. Ila sheria haimsikii. Hawezi kushuhudia, wala kuuza, wala kurithi, wala kuoza mwana. Kwa kuwa Kidawa alikuwa mgeni, alipewa kilemba cha manjano, ambacho humpa mtu sauti ya muda. Akakifunga bila ubishi, maana alikuja harusini, hakuja kugombana.

Nyumba ya shemeji yake ilikuwa imekwisha kupigwa chokaa. Faki, mume wa Mwatumu, alikuwa seremala wa vitanda, mtu mpole kupita kiasi, nywele zake za rangi ya chungwa zikimkaa kama kofia ya kuazima. Zuhra alimpokea mama yake mkubwa mizigo, akamletea maji, akamwuliza habari za safari mara mbili mbili.

"Njema, mwanangu, njema. Mama yako yuko wapi?"

Baba na binti wakatazamana. Kisha Zuhra akamshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma, walikoweka mkaa na magunia. Mwatumu alikuwa ameketi mkekani na ungo wa mchele mapajani, kichwa chake cheupe kama pamba iliyopasuka. Walikumbatiana wakalia, kisha wakachekana kwa uzee, kisha wakalia tena. Machozi yalipokauka ndipo Kidawa alipoambiwa yaliyotokea.

Mwatumu alikuwa ameugua homa kali, nywele zikapukutika zote. Alipopona zikaota nyeupe, laini, zisizoshika kitu. Walimpaka hina, ikateleza. Wakampaka piko, ikatiririka mgongoni kama maji juu ya jani la myugwa. Mafundi wa Wizara walikuja na madawa yao ya kuchoma pua, wakaondoka wamekunja uso. Mwishowe akaja Bwana Machano, afisa wa rangi wa mtaa ule, akamtangaza kuwa bubu wa kichwa.

"Mwanzo niliona mchezo," alisema Mwatumu. "Jirani anaingia, ninamsalimu, ananitazama mdomo unavyokwenda, kisha anamgeukia Faki kumwuliza kama kuna mtu nyumbani. Baadaye, dada, nikaanza kuamini. Kuna siku nilijifungia humu nikaita jina langu mwenyewe, nijue kama sauti ipo."

Kwa mila za Ukolezo ndoa haifungwi mpaka mama wa bibi harusi asimame mbele ya watu, aitwe, na aseme: "Nipo, nami namtoa mwanangu." Hapo ndipo palipokwama. Faki alikuwa na shauri lake, na alilitoa huku akitazama sakafu.

"Shemeji, upande wa bwana harusi hawajapata kumwona Mwatumu. Nanyi mnafanana. Ukipaka rangi ya chungwa ukasimama wewe, ni maneno mawili tu, yamekwisha."

"Tunafanana," Kidawa alijibu. "Lakini mimi sikumzaa."

"Kubali, dada," Mwatumu akasema. "Nitakuwa nyuma ya mlango, nitasikia. Inanitosha."

Kidawa aliutazama mchele ule. Ulikuwa mweupe peh, bila chuya wala kijiwe, na vidole vya mdogo wake vilikuwa vikiuchambua vivyo hivyo.

"Ingekuwa inakutosha," alisema, "usingechambua mchele uliokwisha kuchambuliwa."

Asubuhi akamshika mdogo wake mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele. Walikwenda katika Baraza la Rangi kuomba ruhusa.

Baraza lilikaa katika ukumbi mrefu wenye harufu ya ndimu na siki. Wajumbe wote walikuwa wakongwe kuliko Kidawa, na wote nywele zao nyeusi tii kwa piko. Katibu aliona Kidawa anavyowatazama, akamfafanulia bila kuulizwa: wajumbe hawafuati misimu, kwa sababu wao wanaeleza umri wa taifa, na taifa bado ni changa. Aliyeongoza kikao alikuwa bibi mmoja mwembamba, Bi Asumini, ambaye kucha zake zilikuwa na ukingo wa buluu usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga.

Kabla ya shauri lolote, Katibu alipaswa kusimulia historia ya rangi, ili pasiwe na mtu wa kudai kwamba sheria imeanguka kutoka mbinguni. Akasimulia kwa sauti ya mtu aliyeirudia mara nyingi. Zamani za kale, alisema, watu walipaka walivyotaka. Bibi walipaka hina kutibu kichwa na kupendeza, vijana walipaka udongo mwekundu siku za ngoma, na hakuna aliyeuliza. Kisha akaja mtawala aliyezeeka asitake kuzeeka. Akapaka piko, akaamuru asionekane raia mweusi wa nywele kumshinda. Wenye nywele nyeusi za kuzaliwa nazo wakawa wanajipaka majivu kila asubuhi. Nchi nzima ikazeeka, akabaki kijana mmoja tu, na yeye alikuwa na miaka themanini.

Wakati ule walikuwapo wasichana waliofanya kazi kwenye mapipa ya nili. Mvuke wa nili uliwageuza nywele zikawa buluu, wakalazimishwa kuzificha kwa vitambaa. Siku moja walivivua, wakapita sokoni vichwa wazi. Wakachapwa viboko. Kesho yake waliopita walikuwa wengi zaidi, hata wasiofanya kazi kule, hata wake wa matajiri, kila mmoja amejipaka buluu yake. Mtawala alimaliza kamba za viboko kabla ya kumaliza vichwa, akakimbia.

"Kwa kuwashukuru wasichana wale," Katibu akahitimisha, "Baraza lilifanya haki yao kuwa haki ya wote, na haki ya wote kuwa lazima. Tatizo likawa watu kujieleza ovyo. Mmoja alikwenda mazikoni na manjano. Mwingine alijipaka wekundu wa mapenzi kwa ajili ya mkewe, akamkana kwa mdomo. Ndipo ikaundwa Wizara, ipange nini kielezwe na lini. Leo uhuru umekamilika. Hakuna hata mtu mmoja asiyejieleza."

"Yupo," Kidawa akasema, akimwonyesha mdogo wake. "Huyu hapa."

Mjadala ukaanza. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba weupe si rangi bali ni upungufu wa rangi, kama njaa ilivyo upungufu wa chakula. Mwingine akauliza maziwa basi yana nini. Akajibiwa kwamba maziwa hayaoti kichwani. Wa tatu akataka kujua wenye upara wanafanyaje. Akakumbushwa kuwa wenye upara hupaka ngozi, na kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wao. Mzee mmoja mwenye sauti ya chini akasema jambo ambalo wengi walilipokea kwa miguno ya kukubali: mtu asiyesema kwa nywele anaficha, na anayeficha ana la kuficha.

"Aulizwe," Bi Asumini akasema. "Ni nani aliyempaka weupe huo?"

Katibu akamwelekea Kidawa, kwa sababu ya kilemba cha manjano. Lakini Mwatumu ndiye aliyejibu, taratibu, macho juu.

"Homa, bibi. Homa na miaka. Sikumtuma mtu."

Katibu akasafisha koo. "Baraza halijasikia kitu."

Kidawa alihisi damu inampanda. Miaka yote aliyonadi sokoni, hata mteja mwenye kiburi kuliko wote alimjibu, walau kwa tusi. Akakivua kilemba chake, akamnyooshea mdogo wake. Kilikuwa cha wageni, na sheria haikusema mgeni asikiazime.

"Funga hiki. Kisha useme tena."

Mwatumu alikipokea, akakipapasa kidogo. Kila mtu alimwona anavyokitamani. Kisha akakirudisha.

"Nikisema nacho, dada, kitakuwa kimesema kitambaa."

Kidawa hakukifunga tena, na tangu hapo wote wawili walikuwa mabubu mbele ya sheria, na hapakuwa na wa kuulizwa wala wa kujibu. Kidawa, hata hivyo, alikuwa ameketi anapomwona Bi Asumini usoni, na aliona macho ya bibi yule hayakubanduka kwenye midomo ya Mwatumu tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Alikuwa amesikia. Lakini aliposema, alisema sheria: harusi iendelee bila mama. Bubu wa kichwa akisimama kumtoa bibi harusi, ndoa haitaandikwa, na maharusi hawatapewa nyumba wala kiwanja katika nchi ya Ukolezo.

Walipotoka, Kidawa alimsubiri bibi yule ngazini.

"Shikamoo. Wewe ni mmoja wa wale wasichana wa nili?"

Bi Asumini alitazama huku na huku. Mwenye kichwa cheupe kisicho na kilemba hakupaswa kujibiwa. "Nilikuwa," akajibu.

"Siku ile mlipopita sokoni, mlikuwa mnataka nini hasa?"

Bibi yule alizitazama kucha zake. "Tulitaka kuvua vitambaa," akasema. "Joto lilikuwa kali."

"Basi?"

"Basi, mwanangu. Mengine wameyaongeza wao."

Akaenda zake polepole, mkono ukutani.

Siku mbili zilizobaki kabla ya harusi, Kidawa hakumsukuma mtu. Alijua kwamba mzigo ule haukuwa wa kwake kuubeba. Aliketi chumba cha nyuma na mdogo wake, wakakumbushana watu wa kwao, waliokufa na walio hai. Ni Zuhra aliyeingia akawakuta, akaketi mkekani katikati yao na nguo zake mpya, asijali vumbi la mkaa.

"Mama, wewe unataka nini? Si anachotaka baba, wala mama mkubwa."

Mwatumu alijaribu kusema kwamba yeye hana neno, kwamba nyumba na kiwanja si vitu vya kuchezea. Zuhra akamngoja amalize.

"Nimekuuliza unachotaka."

"Nataka kusimama," Mwatumu akasema. Sauti ilimtoka kavu, kama mlango uliofungwa muda mrefu. "Nimekuzaa kwa siku mbili, na nilipiga kelele hadi mtaa wa pili. Siku ile kila mtu alinisikia."

Zuhra akainuka, akaenda kuwaambia wakwe zake kabla hawajasikia kwa watu. Mchumba wake, Mbwana, kijana mtaratibu aliyefundisha watoto hesabu, alikuwa na baba mkali. Yule baba alisema mambo mengi: kwamba familia yake haijawahi kuhusishwa na mabubu, kwamba ndoa isiyoandikwa ni uchumba uliochelewa. Akashauri atafutwe mama mwingine wa kusimama, si yupo yule mgeni?

"Baba mkwe, nisamehe," Zuhra alijibu. "Mimi sina mama wa akiba."

Mzee akamgeukia mwanawe, akitarajia ataona haya. Mbwana akasema, "Nyumba tutapanga, baba. Kupanga si aibu." Liwalo na liwe, harusi ikabaki siku ileile.

Siku ya harusi watu walijaa uani, vichwa vyote rangi ya chungwa, hata kwa mbali ungedhani ni shamba limeiva. Bwana Machano, afisa wa rangi, alikuwepo kwa kazi yake, amesimama karibu na lango. Baba wa Mbwana alikuja, akaketi mbele, fimbo kati ya magoti. Mwatumu akatoka ndani. Alivaa gauni la kijani alilolihifadhi tangu kabla ya homa, na kichwani hakuvaa kitu. Kidawa alimfuata nyuma, naye kichwa wazi. Minong'ono ikapita uani, ikazimika.

Mfungishaji ndoa, mtu mzima mwenye jasho usoni, akaita kama ilivyo desturi. "Mama wa bibi harusi yupo?"

"Nipo," Mwatumu akasema. "Nami namtoa mwanangu."

Yule bwana akatazama mikono yake. Akaita tena, sauti imepungua. "Mama wa bibi harusi yupo?"

"Nipo. Nami namtoa mwanangu."

Baba wa Mbwana akapiga fimbo chini, akasimama, akaondoka, na ndugu zake kadhaa wakamfuata wakikanyagana. Mbwana alimtazama baba yake mpaka akatoka langoni, uso umemparama, lakini miguu yake haikusogea. Mfungishaji akaita mara ya mwisho, maana mila hairuhusu zaidi ya mara tatu. Safari hii Mwatumu aliangalia mbele, akajibu kwa sauti ileile, wala hakuipandisha. Kidawa, aliyekuwa na sauti ya kutikisa soko zima, aliuma midomo akajizuia. Kama neno lile lingesikika kwa sauti yake, lingekuwa bado halijasikika.

Ndipo aliposikia mtu anasema, "Nimesikia."

Alikuwa Faki. Alisimama kwenye kona ya mabwana, yule mtu aliyetazama sakafu maisha yake yote, na sasa alikuwa akiwatazama watu usoni.

"Mke wangu amesema yupo," akasema. "Amesema mara tatu. Mimi nimesikia zote. Nimekuwa nikimsikia siku zote nikajifanya sisikii, kwa woga. Leo nimesikia."

Bwana Machano akapiga hatua moja kutoka langoni. "Mzee Faki, fikiri unachosema."

"Nami nimesikia," Mbwana akasema.

"Nimesikia," akasema jirani mmoja, yule aliyekuwa akiuliza kama kuna mtu nyumbani, na akajifunika uso kwa kanga. Baada yake wakasema wawili, kisha bibi kizee aliyeletwa amebebwa kwenye kiti, kisha watu wasiojuana. Wengine hawakusema. Wengine waliondoka kimya. Lakini waliosema walitosha, na Bwana Machano, ambaye hakuwa na sheria ya kumwambia mtu asisikie, alisimama pale akiwageukia mmoja baada ya mwingine mpaka akachoka, akaegemea lango.

Mfungishaji ndoa akajifuta jasho. "Kama amesikika," akasema, "basi naendelea." Akaendelea.

Ndoa ile haikuandikwa. Baraza lilikaa vikao vingi kujadili kama kusikia kwa watu wengi ni kusikia au ni uvumi, na mpaka Kidawa anaondoka walikuwa hawajaelewana. Inasemwa kwamba katika kikao kimojawapo Bi Asumini alisimama akataka ijulikane kwamba yeye naye alimsikia Mwatumu siku ile ya kwanza, kila neno, na kwamba alikuwa mwoga. Hakuongoza vikao tena baada ya hapo. Maharusi walipanga chumba karibu na shule. Baba wa Mbwana alikaa miezi bila kuwasemesha, kisha akatuma kuku, bila maneno. Sheria ya mabubu wa kichwa bado ipo Ukolezo, ila siku hizi, katika mitaa kadhaa, mtu mwenye mvi akisalimu, kuna wanaoitikia.

Siku ya kuagana, Kidawa na mdogo wake walikaa barazani. Wapita njia waliwaangalia, wengine kwa chuki, wengine kwa heshima iliyozidi mno, kana kwamba wanautazama mnara wa kumbukumbu.

"Dada, nikwambie kitu?" Mwatumu akasema. "Mimi siupendi huu weupe."

"Huupendi?"

"Hata chembe. Nikijitazama kwenye kioo naona kama nimemwagikiwa unga. Zingekuwa zinashika rangi, ningepaka nyekundu, tena ile ya kuwaka, mpaka watu wajikwae njiani."

Kidawa akaangua kicheko cha sokoni, kuku wa jirani wakatawanyika. "Na vile ulivyosimama mbele ya watu wote? Nikadhani umeufia!"

"Nilisimama kwa sababu mimi ndiye mama yake," Mwatumu akajibu, naye akicheka sasa, akijipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Nywele ni habari nyingine."